Samahani Zilizopandisha Bei ya Wino

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Lundby. Mchungaji Solveig Brekke, uliyetupa ukumbi huu wa chini ya kanisa. Wenzangu wa zamani wa chumba cha simu. Ndugu wageni waalikwa mliokuja na mabakuli yenu ya viazi na nyama ijapokuwa theluji imefika magotini. Na juu ya wote wewe, Bi Marlys Tvedt, unayestaafu leo: nawasalimu.

Nimeombwa niseme kwa dakika tano. Mnaniona nimekaa, na mrija huu wa hewa unanilazimisha kupumzika kila baada ya maneno machache. Daktari amenihesabia siku hadi barafu ya ziwani itakapoyeyuka, naye ni mtu mkarimu. Kwa hiyo sitazipoteza dakika hizi kumsifu Marlys kwa kuwahi kazini. Aliwahi. Sote tulimwona.

Kwa mliofuata kahawa tu, nieleze kazi yetu ilikuwa nini. Kampuni, ambayo siitaji kwa kuwa mawakili wake wana afya kuliko mimi, iliuza printa kwa bei rahisi, kisha ikauza wino kwa malipo ya kila mwezi. Mteja alilipia idadi fulani ya kurasa, achapishe asichapishe, na katriji, vile vikopo vya wino, zikamfikia kwa posta kabla hajaishiwa. Mwanzoni ilikuwa nafuu ya kweli, na watu walitushukuru. Kisha bei ikapanda. Ikapanda tena. Na mteja aliyechoka alipojitoa kwenye malipo hayo, printa yake, ambayo ilizungumza nasi kwa intaneti, ilikataa kuchapisha hata kama katriji ilikuwa imejaa pomoni. Wino ule haukuwa wake. Ulikuwa wetu, kwake ulikuwa mgeni tu.

Ni nani aliyezipokea hasira za watu hawa? Je, ni wakubwa waliopandisha bei? Alizipokea Marlys, kwa miaka ishirini na mmoja, vipokea sauti vikiwa masikioni.

"Nyinyi ni wezi!" bwana mmoja wa Texas alimfokea. "Wino nimelipia, umo humu ndani, nauona kwa macho yangu, halafu hili dude linaniambia sina ruhusa! Nitalipiga teke!"

"Vaa viatu kwanza, baba," Marlys akamwambia. "Wiki jana mwenzako alivunjika kidole."

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Akajitoa, lakini alijitoa akicheka.

Mimi nilikuwa meneja. Kila mwisho wa mwezi nilisikiliza simu zilizorekodiwa, na humo nikagundua jambo. Watu wa mbali walifoka, na waliofoka walijitoa. Watu wa huku kwetu kaskazini walianza kwa kuomba radhi. "Samahani kukusumbua. Najua si kosa lako. Labda ni mimi nisiyeelewa." Mnajijua. Ni nani ndani ya ukumbi huu aliyewahi kuchukua kipande cha mwisho cha keki? Tunakikata nusu, na ile nusu tunaikata nusu, hadi kinabaki cha kumtosha sisimizi.

Anayeanza kwa samahani hajitoi. Hiyo ndiyo sentensi niliyoiandikia kampuni. Nikashauri kwamba wateja wa namna hii wapandishiwe bei kila miezi sita, kidogo kidogo: watapiga simu, wataomba radhi, watalipa. Wakubwa wakaisoma na wakafanya hivyo. Walioanza kwa dola tano wakafika tisa. Adabu niliyofundishwa mezani kwa mama yangu niliiuza, nami nikapandishwa cheo.

Mchungaji, naona unaniangalia. Niachie kipaza sauti kidogo tu. Sijafika.

Miaka tisa iliyopita, mwezi Februari, marehemu Bernice Aasen alipiga simu. Wengi mlimfahamu: kila wiki aliichapisha ibada kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wazee wasiotoka nyumbani. Marlys ndiye aliyepokea.

"Samahani, binti yangu, najua una shughuli. Bei imepanda tena, na pensheni yangu imelala palepale. Nadhani nimekosea mahali."

"Hujakosea popote, mama."

"Nikijitoa leo, huu wino nilio nao?"

Hapo karatasi ya maelekezo ilimtaka Marlys ampe mwezi mmoja kwa nusu bei, kisha abadilishe mazungumzo. Kwenye rekodi anasikika akivuta pumzi.

"Wino utafungwa mwezi wako ukiisha, tarehe ishirini na nane. Una kurasa mia mbili ambazo hujazitumia. Chapisha ibada zote hadi Pasaka, uziweke kabatini. Ukimaliza, ujitoe. Na usimwombe mtu radhi."

"Jamani! Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Wakubwa waliisikia simu ile, wakataka Marlys, aliyekuwa pia msimamizi wa chumba cha simu, aondolewe cheo hicho. Ningeweza kumtetea. Ningeweza angalau kuandika sababu yenyewe, kwamba alimwambia mteja ukweli. Lakini sababu kama hiyo ingeandikwa, siku moja ingesomwa gazetini. Basi kwenye faili lake nikaandika kwamba mteja mzee amelalamika, kwamba Bi Tvedt alimjibu kwa ukali hadi akalia. Nikamwita ofisini.

"Marlys, kuna bibi umemliza."

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema."

Akasema, "Mwambie naomba radhi."

Akarudi kwenye kiti cha kawaida, na utani wake ukakoma. Wenzake mlidhani anazeeka. Mimi nilijua, kwa sababu niliendelea kumsikiliza hadi nilipostaafu: kila mwisho wa simu alimuuliza mteja, "Sijakuudhi, sivyo?" Kila simu. Na Bernice, tulipokutana mlangoni mwa kanisa, aliniuliza, "Yule binti wa simu bado yupo? Msalimie sana." Nilimjibu nitazifikisha salamu. Sikufikisha.

Marlys, sikiliza. Hakuna bibi uliyemliza. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika juu yako. Malalamiko yale niliyatunga mimi, Arlen Quist, kwa kalamu yangu, siku ya Jumanne, na baada ya hapo nilikwenda kula chakula cha mchana.

Haya yote nimeyaandika na kuyatia sahihi. Nakala moja nimeituma kwa kampuni, nyingine kwa gazeti la jimbo, na ya tatu anayo Meya, ambaye hadi dakika hii hakujua kilichomo ndani ya ile bahasha. Nimeambiwa wiki ijayo unahamia Arizona kwa binti yako. Nisingekubali uende huko bado ukimtafuta mtu uliyemuumiza.

Sasa nina ombi moja. Ukumbi mzima unakutazama, na najua jibu lililo karibu na ulimi wako: "Haina neno, Arlen." Usiliseme. Lina neno. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, mlango ule pale, na hakuna atakayekuona mkosa adabu. Nimeishi kwa upole wa watu miaka mingi. Sitaki kufa kwa upole wako.

Kwenu nyote mliovumilia kikohozi changu na aibu yangu, nashukuru kwa kunisikiliza hadi hapa. Asanteni.