Mshale wa Spidi wa Gari la Danieli

GRACA: Haloo? Nani mwenzangu?

GIDEONI: Gideoni, wa gereji ya huku bandarini. Habari za huko Mtawanya, mdogo wangu?

GRACA: Leo nimekuwa mdogo wako? Uliponifukuza kazi uliniambia nikasuke nywele, umeme wa magari si kazi ya mwanamke.

GIDEONI: Yale yalishapita. Nina swali dogo tu. Kale kagari ka spoti ka Danieli, yule wakala wa forodha—

GRACA: Kekundu, milango miwili. Kazee.

GIDEONI: Hako hako. Mshale wa spidi umekufa. Gari linakimbia, wenyewe umelala kwenye sifuri.

GRACA: Kilomita zinahesabu?

GIDEONI: Hazihesabu.

GRACA: Umefanya nini mpaka sasa?

GIDEONI: Nimebadilisha dashibodi.

GRACA: Halafu?

GIDEONI: Nikabadilisha nyingine.

GRACA: Dashibodi mbili. Waya hujagusa hata mmoja.

GIDEONI: Nilidhani— haloo? Unakatika-katika.

GRACA: Nipo. Mshale huo ni wa umeme, hauvutwi na kebo kama wa pikipiki. Sensa, kile kidude cha kupima mwendo, iko kwenye giaboksi, ndiyo inayopeleka taarifa juu. Giaboksi mliishusha lini?

GIDEONI: Ijumaa. Tulibadilisha klachi.

GRACA: Mshale ukafa lini?

GIDEONI: Jumamosi.

GRACA: Na bado ukanunua dashibodi. Haya, ingia chini ya gari. Ubavuni mwa giaboksi kuna soketi ya waya tatu.

GIDEONI: Subiri. [vyuma vinagongana, mtandao unakwaruza] Graca.

GRACA: Imechomekwa?

GIDEONI: Inaning'inia.

GRACA: Ichomeke. Nyanyua matairi ya nyuma kwa jeki, tia gia, tazama mshale.

GIDEONI: [injini inanguruma] Unapanda. Arobaini... sitini.

GRACA: Hongera, fundi mkuu.

GIDEONI: Sikia. Danieli anakuja saa kumi. Haya yabaki kwetu. Nitamwambia dashibodi ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Na wewe urudi, nitakupa benchi lako.

GRACA: Benchi ninalo. Mwambie unavyotaka. Ila jana alinipigia.

GIDEONI: Nani?

GRACA: Danieli. Nikamwelekeza pa kuangalia. Alipita hapo gerejini mkiwa mmeenda kula.

GIDEONI: Akaiona soketi?

GRACA: Aliiona. Akaiacha vilevile.

GIDEONI: Kwa nini sasa—

GRACA: Anataka kusikia utamwambia nini.

GIDEONI: Graca, salio linaisha. Niambie basi, nianzie wapi na huyu—

GRACA: Anzia Ijumaa.

[simu inakatika]