Damu ya Ananie ya Tarehe Kumi na Moja

Wapendwa, mwenye hapana kuamini ainue mukono sasa, mbele mimi Muyisa, mudogo wa marehemu, mwenye aliacha masomo ku tano ya primaire na anasoma kuliko bashemasi wote hapa, sijaanza kusoma maisha yake: Yaya Ananie Kambere, kaka yangu mukubwa, alishonea kwaya saba za Butembo robe za kuimbia, na kichwa chake kilikuwa kinajaa sauti zenye sisi hatukuzisikia.

Alizaliwa Kipese tarehe 4 mwezi wa tatu 1983, kwa tata Ésaïe na mama Agar, akasoma kule kule mpaka diplome ya 2003, wakati Muyisa anakimbia masomo akipitia mashamba ya viazi, akashuka Butembo 2005, akafungua atelier ya kushona, na tarehe 12 mwezi wa saba 2008 akamuoa Débora, Mungu akabapatia Joyeuse na Éphraïm.

Mu 2015 sauti zilianza, akatembea bila viatu mpaka Mangina, tukaomba, tukachemsha majani, mpaka munganga wa Beni akamupa vidonge vyenye vilimurudisha ku mashini yake, lakini na sharti: kila mwezi kupima damu, juu vinaweza kupunguza askari weupe wa damu, na virusi vya grippe tu, mafua, vinaweza kubapunguza zaidi, basi ukipata homa, unapimwa siku ile ile, na bila karatasi ya damu, hakuna vidonge. Muyisa alimubeba na piki kila mwezi, na hakuna mutu mwenye anamupita mu ile njia ya Beni, abishe mwenye anabisha.

Tarehe 9 mwezi huu wa sita 2019, grippe iliingia nyumbani, batoto bakapona, yeye koo ikavimba, karatasi ya tarehe 11 ikasema askari elfu sita, bazuri kabisa, akaendelea na vidonge, tarehe 13 hospitali ikapima tena, askari karibu bote bamekwisha, na tarehe 15, saa kumi ya muchana, akatuacha. Test ya Ebola ilitoka négatif, ndiyo maana tunamuzika na mikono yetu.

Tunashukuru banganga, majirani, bafundi wa atelier wenye banamaliza robe zake, na Gamaliel wa labo ya Beni, mwenye alikuja matanga hata kama jana vijana wetu bamemurushia mawe kule Bungulu, juu aliandika uongo ku ile karatasi ya tarehe 11.

Hapana, ngojeni, musiimbe bado. Kuna siku moja nimeiruka. Ile tarehe 11 Yaya alikuwa anachoma na homa, ku barrière ya Ebola mu njia ya Beni bangemupima homa na kumupeleka centre ya Ebola, akasema Muyisa, usinipeleke, nikamucheka, nikamuambia lala, simba iko hapa. Nikashika karte yake ya hospitali, nikaenda labo peke yangu. Gamaliel alikuwa mugeni mu labo, wiki yake ya kwanza, hakujua sura zetu, nikamunyooshea mukono wangu.

Gamaliel alipima muzuri. Bale elfu sita ni ba kwangu. Mama Joyeuse, ulikuwa unauliza kila siku namna askari bote bamekwisha mu siku mbili, jibu ni hiyo. Mwenye angali na jiwe, niko hapa.

Yaya Ananie, wewe pumzika na amani.