Breki Zilizoambiwa Zisubiri

Baba Paroko, ndugu, majirani, na mafundi mliofunga gereji zenu leo, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Protase Rwegoshora, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Songambele, wakati huo ikiwa Wilaya ya Karagwe na sasa Kyerwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba.

Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha akaenda Bukoba kujifunza ufundi wa magari, akahitimu Novemba 1989, akafanya kazi katika gereji za watu, na mwaka 1998 akafungua yake Omurushaka, aliyoiendesha hadi wiki hii.

Kazi yake ilikuwa injini za magari ya zamani, na kwa kuwa wiki hii sokoni yamesemwa mengi, familia inaeleza alichokiamini. Bloku ya kawaida, ambayo mafundi huiita standadi, yaani lile pande la chuma lenye silinda ndani, hutengenezwa kwa kadiri ya nguvu ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, na ikitunzwa hubeba mikungu ya ndizi miaka mingi. Bloku ya mashindano ina kuta nene, hushika kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, kwa uimara zaidi, na huvumilia nguvu ambazo zingeipasua ile ya kwanza. Protase hakuichukia. Gari lake dogo jeupe lililoegeshwa hapo nje, la mwaka 1985, lina bloku hiyo, aliyoifunga mwenyewe mwaka 2016, baada ya kubadilisha kwanza breki, rejeta na gia boksi. Vijana wa stendi walimbandika jina la Standadi, wakimtania, "Standadi, mlima unakutisha?" naye akiwajibu kwamba mlima haumtishi, kinachomtisha ni mteremko.

Tarehe 8 Mei 1999, katika kanisa la Isingiro, alifunga ndoa na Restuta Kokwijuka, wakajaliwa watoto watatu, Salvina, Nolasco na Joviana, ambaye baba yake wa ubatizo ni ndugu Cassian, mfanyabiashara wa ndizi, rafiki wa marehemu kwa miaka ishirini.

Hapa kwa kawaida husomwa ugonjwa. Protase hakuugua. Oktoba mwaka jana Cassian alimletea bloku ya mashindano, aifunge kwenye pikapu yake ya mwaka 1987, na Protase akamwambia ataifunga siku breki mpya zitakapofika, kwa sababu injini yenye nguvu itamfanya apakie zaidi na akimbie zaidi, ilhali breki ni zilezile za zamani. Cassian alimjibu mbele ya Restuta, "Shemeji, mwambie mumeo breki zitasubiri," akaipeleka bloku kwenye gereji nyingine.

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, Protase alikuwa amepiga magoti kando ya barabara huko Ihembe, akimfungia mteja tairi, pikapu ile iliposhuka mteremko na shehena mara mbili ya ile ya zamani, breki zikakataa, ikamgonga. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 13 Februari. Bloku ilitolewa kwenye mabaki ikiwa nzima, haina ufa. Siku hiyohiyo sokoni ilisemwa kwamba fundi ameuawa na injini aliyoifunga mwenyewe, na aliyekuwa akijua ukweli alinyamaza.

Baadhi ya wakubwa wa ukoo waliomba isomwe kwamba ilikuwa mipango ya Mungu, ili watu wazike kwa utulivu. Restuta alikataa. Alisema Mungu asisingiziwe breki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku mbili, majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi wa Omurushaka waliochimba kaburi. Ndugu Cassian, uliyekaa nyuma ya hema, sukari na mchele uliotuma vimepokelewa. Familia inachosubiri ni usimame kesho sokoni, pale uliponyamaza, useme nani alikataa kuifunga injini ile.

Gari jeupe litatangulia msafara kwenda makaburini, Salvina akiliendesha. Njia yote ni mteremko, na breki zake zinashika. Lala kwa amani, Standadi.