Selina Keeping na Dirisha la Jikoni Kwao

Marehemu Selina Keeping alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 katika Ghuba ya Tibbo, kisiwani Newfoundland, akiwa kitindamimba wa Bwana Eli na Bi Dorcas Keeping. Agosti 1967, serikali ilipowahamisha watu wa Ghuba, baba yake aliifungia nyumba yao mapipa matupu ili ielee, akaishusha majini, ikavutwa kwa mashua hadi Bandari ya Lennet, sufuria zikiwa bado jikoni. Huko iliwekwa ikitazama barabara. Dirisha la jikoni, alilozoea Selina kuonea bahari, sasa lilionyesha pampu ya petroli, na mtoto alilia hadi sauti ikamkauka.

Alisoma Lennet, akamaliza sekondari mwaka 1978, akajifunza upigaji picha mjini St. John's. Picha za pasipoti na za harusi zilimpa riziki, lakini moyo wake haukuwa huko. Kila kiangazi alirudi Ghuba, akasimama juu ya mawe ya msingi yaliyobaki na kupiga picha ya kile ambacho dirisha lao lilikuwa likikiona. Kisha aliibandika kwenye dirisha lenyewe kule Lennet. Alisema siku nyumba na mahali pake vitakapokutana, atajua yeye ni nani.

Mwaka 1986 aliolewa na Cyril Hynes, fundi boti. Fungate yao iliishia Ghuba, wakisubiri ukungu uondoke.

"Hivi nimeoa mke au nimeoa ukungu?" Cyril aliuliza.

"Kula chewa wako, mume wangu, utanikimbizia mwanga."

Hawakujaliwa watoto. Cyril alifariki mwaka 2009.

Julai 2016 kaka yake Selina, Garland, ambaye kwa uchungu wa kuhamishwa alikuwa ameapa kutokanyaga tena Ghuba, alikubali kumsindikiza. Alimtazama akitega kamera.

"Dada, unafanya nini kwa akina Barter?"

"Acha utani, Garland. Haya mawe yetu."

"Yetu wapi? Haya ya jirani zetu. Sisi tulikaa juu ya nguzo za miti. Baba alizing'oa zote tukahama nazo. Si unamjua baba, hakuacha hata msumari! Kwetu kule, vichakani."

Selina alikwenda vichakani. Hapakuwa na alama yoyote, na bahari ilizibwa na vichaka. Aliporudi Lennet alibandua picha zote dirishani. Ilimuuma, wala haikupoa, na hakupiga picha nyingine tena.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini Garland alimuuliza kama amletee picha zake.

"Wapelekee akina Barter," alijibu, na hakuwa akitania.

Alifariki tarehe 2 Februari 2019. Aliomba azikwe kule Ghuba iliposimama nyumba yao. Garland amejaribu sana kupakumbuka, lakini vichaka ni vingi, naye ana miaka sabini na minane. Kwa hiyo tunamzika hapa Lennet.

Ameacha kaka yake Garland. Binti wa kaka, Bertha, anayesoma wasifu huu. Na nyumba inayotazama barabara. Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki cha mazishi ni ya Ghuba, aliyoipiga kutoka kwa akina Barter. Hatukuwa na nyingine.

Ee Mungu, wewe unayejua nyumba ile ilisimama wapi, mpumzishe Selina papo hapo.