Gesi ya Presha na Majani ya Mama

Benchi letu la kahawa tumeligeuza. Zamani lilitazama barabara, sasa linatazama dirisha la saluni ya kaka yangu, Wembe, maana ndani kuna tangi la samaki, na pembeni ya tangi anakaa mama yetu. Tangu miguu imgomee, mama alikuwa hatoki chumbani. Mimea iliyopandwa ndani ya tangi ndiyo iliyomtoa. Alitaka kuiona ikikua. Sasa ilikuwa inageuka manjano, na asubuhi hiyo alisema ikifa, tusihangaike tena kumleta.

Presha, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameleta mtungi wa gesi ya kaboni ili kuilisha. Alifunga mpira mwembamba, gesi ikaingia majini povu kwa povu. Mimea haikujali. Kahawa ikazunguka, kila mtu akatoa sababu yake.

— Samaki wanaimaliza, alisema Kamusi, muuza makava ya simu. Yaone matumbo yale.

— Samaki hawali gesi, nilisema.

— Dada, umewauliza?

Presha alishikilia kuwa gesi yake imezoea vyuma, labda majani yanaiogopa. Kamusi akasema mimea ilizoea shida, neema imeishtua. Wembe akaapa kuna mtu anakuja kuifyonza gesi kabla yeye hajafungua saluni. Mimi nilikuwa naingia ndani kila mara kugusa valvu, koki ya mtungi, mpaka Presha akauondoa mkono wangu.

Ndipo mama akagonga kioo.

— Mnasemaje huko? Sisikii kitu, maji haya yana kelele.

Kelele ile ilikuwa fahari ya Wembe. Maji ya tangi yalishuka kwa bomba hadi kwenye tangi la pili, lililofichwa kabatini chini, yakachujwa, kisha pampu ikayarudisha juu. Bomba alilikata fupi makusudi, maji yaanguke kwa kishindo, wateja wajione wananyolewa kando ya mto. Lakini mama kasema. Wembe akaunga kipande cha bomba hadi ncha ikazama majini, akafunga kabati na kufungua dirisha. Kimya.

Birika la pili lilikuwa limefika nusu, nasi tukimsimulia mama ubishi wetu, Kamusi aliponyamaza katikati ya neno. Kwenye kingo za majani kulikuwa na punje za fedha. Zikavimba, zikaachia, zikapanda moja moja, jani baada ya jani, mpaka tangi zima likawa linameta. Presha alivua kofia.

Nikaelewa. Maji yalipokuwa yakijipiga kule chini, gesi ilitoroka hewani kama ya soda iliyotikiswa. Sasa ilibaki majini. Tena ilibaki mno: samaki wawili walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi. Nikakimbilia valvu, nikaipunguza, sikubanduka hadi waliposhuka.

— Kwani hiyo gesi ni nini hasa? mama aliuliza.

— Ndiyo hii tunayoitoa tukipumua, mama. Majani yanaila, mwanga ukiwepo, yanatema mapovu haya.

Aliyatazama mapovu.

— Miaka yote ile nimejifungia chumbani, napumua tu. Yangu ilikuwa inaliwa na nani?

Wembe akashika kiti cha mama, akamuuliza taratibu kama amechoka, amrudishe nyumbani.

— Nisogeze karibu na majani, alisema.