Fundi Aliyesafisha Bunduki Moja Moja

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu, maofisa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la sita, nikijikwaa kwenye mambo ya kijeshi mnivumilie.

Kaka alizaliwa tarehe 4 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mhunzi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kilikuwa karakana, ambako baba alitengeneza magobore ya wawindaji, bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, unapiga moja kisha unaanza upya, na mvua ikinyesha mwindaji na mnyama wote wanarudi kwao.

Alisoma shule ya kanisa kuanzia 1946 hadi 1953, akafeli hesabu, na tarehe 12 Januari 1957 akaingia jeshini, akapangiwa ghala la silaha, chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo, meza iliyolowa mafuta na rafu za bunduki za komeo. Komeo ni kile chuma ambacho askari alivuta na kusukuma kwa mkono kila baada ya risasi, ndicho kinachofunga risasi isirudi nyuma, na wakati ule kila komeo lilichongwa litoshee bunduki yake, namba kwa namba, haliazimwi.

Tarehe 9 Juni 1961, akikimbizwa na ukaguzi, kaka alitumbukiza makomeo mengi kwenye karai moja la mafuta ya taa, akayarudisha bila kusoma namba, na kesho yake kwenye mazoezi ya shabaha ganda la risasi likapasuka, moto ukarudi nyuma, koplo mmoja akapoteza jicho la kulia. Kaka alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake kusema kosa ni lake, akavuliwa cheo, akawekwa mahabusu mwezi mzima. Alituagiza tulisome hili, tusimpake rangi mbele ya Mungu.

Alipotoka alikwenda hospitali kila Jumapili kuomba radhi, koplo akimgeuzia kisogo, na huko ndiko alikomwona dada yake koplo aliyekuwa akimuuguza. Alipopeleka posa, koplo alisema mbele ya wageni, "Jicho umechukua, sasa unataka na dada?" Kaka akajibu, "Nikiwa shemeji yako utanitukana ukiwa umekaa, hutahangaika kunitafuta." Watu walicheka, koplo hakucheka.

Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1963, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni mashahidi kwamba waliogeshwa mmoja mmoja, kwani baba yao hakuweka tena vitu viwili kwenye karai moja.

Mwaka 1967 zililetwa bunduki zinazojikoki kwa nguvu ya moshi wa risasi, askari akabaki na kazi ya kuvuta kifyatulio tu, na mwaka 1974 zikaja rashasha fupi, ambazo vipuri vyake vinaingiliana, uchanganye kumi na zote zitalia. Vijana walimtania, "Mzee Karai, namba za nini siku hizi?" naye akaendelea kusoma namba. Alistaafu tarehe 30 Septemba 1988, bunduki zenye vitako vya plastiki zikianza kuingia, akasema kila toleo ni jepesi zaidi kubeba na jepesi zaidi kuua, neno ambalo hakulifafanua.

Yule koplo, sasa shemeji yake, alikula kwa kaka kila Jumapili, akimwita Karai, lakini kusema "nimekusamehe" hakusema, na hilo lilimuuma kaka kuliko saratani ya koo iliyogunduliwa Februari. Alifariki tarehe 3 mwezi huu, hajalisikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa jeshini waliokubali ombi lake kwamba risasi za heshima zipigwe leo kwa bunduki za komeo zilizobaki ghalani. Mjane aliogopa, akauliza zitakaguliwa na nani, maana fundi wake ndiye huyu tunayemzika.

Asubuhi hii shemeji yake huyo aliongozwa hadi ghalani, akaketi kwenye meza ya kaka, akazisafisha moja moja, akisogeza kila namba karibu na jicho lake lililobaki, na alipomaliza akafuta mikono na kusema, "Mwambieni Karai kila komeo limerudi kwake, na mimi sina tena neno naye."

Kaka, umeambiwa. Pumzika sasa, kwa amani uliyoingoja.