Barua ya Wote na Jina la Mzee Ng'washi: Risala ya Watunza Pampu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa mradi wetu wa maji vijijini, pamoja na wote uliofuatana nao, Mwenyekiti wetu, wenzetu mliovuka maji na mliokanyaga tope kufika hapa: kwa mnaostahili, shikamooni, na wengine wote, hamjambo.

KARIBU KIRUMBA

Sisi watunza na mafundi wa pampu za mkono wa Mwanza, Magu, Buhongwa na visiwani tunakupokea kwa furaha iliyochanganyika na woga. Furaha, kwa sababu mkubwa wa ngazi yako hajawahi kukaa nasi. Woga wenyewe tutausema mbele, maana risala inayoficha ni kama pampu iliyopakwa rangi wakati haitoi maji. Harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni utuwie radhi. Upepo wa ziwa haujui itifaki.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, zamani kila mtunza pampu alikuwa peke yake kama mlinzi wa shamba. Pampu ikiharibika Magu, mtu alitoka barabarani kungoja lori, akaja mjini kutafuta wosha ya mpira, kile kipete kinachozuia maji yasivuje, akaambiwa arudi wiki ijayo. Huku nyuma akina mama wamesharudi kwenye dimbwi, wanachota pamoja na ng'ombe.

Mwaka tisini na tano mradi ukaleta kompyuta katika chumba hiki, na nyingine ndogo zinazosema kwa simu au kwa redio zikawekwa parokiani, shuleni na kwenye zahanati za visiwani. Aliyepewa kuziangalia ni Ndugu Venant Mutayoba, kijana wa Kagera. Yeye akatengeneza kitu tunachokiita Barua ya Wote. Yaani mtu akiandika barua moja, kompyuta ya hapa inaipokea, inatazama orodha ya majina yetu, inampelekea kila mmoja. Asiyejua kusoma anasomewa.

Siku ya kwanza tulisimama hapa kama watu waliomo kanisani. Venant aliandika, "Mnanisikia?" Chai haijapoa, likaja jibu kutoka kisiwa cha Busami, kwa mtunza pampu wa huko, Mzee Ng'washi, likianza na salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka! Tunakusikia, ila hatukuoni. Uko wapi?" Neno limetoka Kirumba, limevuka maji yote yale, halikulowa. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Hata leo, Mheshimiwa, hatujazoea, na tunamwomba Mungu tusizoee.

TULIYOYAPATA

Kwa barua hizo tumefundishana kukata wosha kutoka kwenye tairi kuukuu, kunyoosha fimbo ya pampu bila kuivunja, na kutambua kisima kinachoingiwa na maji ya choo kabla watoto hawajaugua. Fundi wa Buhongwa ameokoa pampu ya Magu bila kufika Magu. Tena tumejifunza kuulizana. Mwanzoni fundi mwanamume alikuwa hawezi kuandika "sijui" mbele ya wanawake. Siku hizi anaandika, na jua linakuchwa salama.

MALALAMIKO

Hapa ndipo penye woga wetu, Mheshimiwa. Tumesikia kwamba ofisi kuu imesoma barua za mwaka huu wa mvua za elinino, ikaona malalamiko ni mengi kuliko barua za kazi, ikaamua kwamba Barua ya Wote imeshindwa na Ndugu Venant ameshindwa nayo. Tumesikia umekuja kufunga chumba hiki. Kama ni uvumi, tusamehe. Kama ni kweli, tunaomba utusikilize kwanza jinsi malalamiko hayo yalivyokuwa, maana waliolalamika ndio sisi.

Januari ililetwa programu mpya. Ile ya zamani ilikuwa kioo cheusi na herufi za kijani. Hii ina picha na kipanya. Venant alipewa kazi ya kuyahamisha majina yetu kutoka ya zamani kuingia mpya, kama mtu anayemimina maji ndoo kwa ndoo. Kesho yake tukaanza kulia.

Tereza wa Buhongwa alimwandikia Venant siri, kwamba Chenge wa Magu anafunga bomba kwa mpira wa baiskeli utafikiri anamfunga mbuzi kidonda. Programu mpya ikaipeleka kwa wote. Chenge akajibu, kwa wote vilevile: "Dada Tereza, mbuzi wangu hadi leo anatoa maji. Wako je?" Tereza akamgeukia Venant: "Kumbe siku hizi mtu akikunong'oneza, mkoa mzima unaitika!" Wengine wakalia herufi ni ndogo. Wengine wakalia kipanya kinakimbia mkono. Mmoja aliandika, "Mhaya wewe, turudishie kioo chetu cheusi, hiki kinatuchekea."

Mgeni rasmi, tungependa ungemwona Venant siku zile. Hakumjibu mtu kwa ukali. Kila lalamiko alilisoma mara mbili, akalijibu siku ileile, na kabla ya kueleza lolote alianza kwa kurudia alichoambiwa, ili mtu ajue amesikika. Alikuwa ameyapanga mafungu. Kuna malalamiko ya macho, hayo ni ya herufi na rangi. Kuna ya vidole, ya mtu asiyejua abonyeze wapi. Na kuna ya moyo, mtu anayeona amedharauliwa. Ya macho na vidole aliyatumia maelezo. Ya moyo aliyapandia baiskeli.

Basi siku moja likaja la Chenge tena: "Venant, mashine yako imenilia herufi. Nimeandika ng'ombe, imetoa ng?ombe. Sasa hata ng'ombe wetu wanaulizwa maswali?"

Venant alicheka peke yake chumbani. Mwenyewe ametuhadithia, nasi tunalisema kwa ruhusa yake. Akawa anatafuta ni kitu gani kilicholiwa, akaona ni kile kialama kidogo cha juu, kinachokaa katikati ya ng na herufi inayofuata. Programu ya zamani ilikijua. Mpya haikijui. Akaandika kwenye karatasi neno ng'ombe, akaandika ng'ambo, mkono wenyewe ukaendelea, akaandika Ng'washi. Kicheko kikamwisha.

Akajiuliza ni lini mara ya mwisho kusikia mwangaluka ya Busami. Kila asubuhi Mzee Ng'washi alikuwa anatusalimu wote, awe na neno asiwe nalo. Katika kelele zetu za macho na vidole, hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba salamu ile haipo. Venant alifungua orodha mpya akashuka na kidole chake jina kwa jina. Mzee hakuwamo. Programu ilifika kwenye kialama kile ikalikataa jina, ikasema hivyo kwa Kiingereza, mstari mmoja katikati ya mistari mingi iliyokuwa inapita kiooni, naye Venant hakuuona.

Mheshimiwa, wako wengine wetu wenye majina ya namna hiyo, lakini walikuwa wameandikishwa kwa majina ya ubatizo. Mzee Ng'washi hajabatizwa. Anatumia jina alilopewa na babu yake. Sisi wenye majina ya watakatifu tulivushwa, yeye akaachwa ng'ambo. Jambo hilo limetupigisha magoti, na hatujamaliza kulifikiri.

Venant hakungoja. Alimtafuta kwa redio, redio ya zahanati ilikuwa imeingia maji ya mvua, haisemi. Akapanda mashua yenye injini iliyokuwa inapeleka chumvi. Ziwa lilikuwa limefura, magugumaji yanazuia njia, na yeye si mtu wa maji. Anasema safari nzima hakumwomba Mungu amfikishe salama. Alimwomba afike hajachelewa.

Alimkuta mzee ameinama kwenye pampu, fimbo iko nje, mikono ina grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo, Mzee Ng'washi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Venant, wa Kirumba."

Mzee akafuta mikono, taratibu, akamtazama. "Ala! Venant ndiye wewe, mwembamba hivi? Mimi nilidhani mtu wa kutuma barua zote zile ana tumbo." Halafu akasema, "Nimewaandikia kabla redio haijafa. Wosha imekwisha, watu wanachota ziwani, watoto wanaharisha. Mmekaa kimya. Nikasema, basi, wametufuta."

"Hakuna aliyewafuta, mzee. Ni mashine ilikataa jina lako, na barua zako pamoja nalo, na mimi sikuona."

"Imekataa jina langu? Lina nini?"

Venant akamchorea mchangani kile kialama. Mzee akapiga makofi kwa mshangao. "Kadudu haka? Haka ndiko kamewanywesha wajukuu zangu maji machafu?"

Venant alikuwa amebeba wosha mfukoni. Wakaiweka pamoja. Maji yalipotoka, akina mama hawakupiga vigelegele; mama mmoja akanawisha uso wa mtoto wake aliyekuwa amedhoofika sana. Mtoto huyo ni mzima, na mama yake ameketi mstari wa tatu hapo nyuma. Sifa na utukufu ni kwa Mungu.

Aliporudi, Venant alituandikia wote: "Kosa ni langu. Nilisikiliza mnaolia, sikumtafuta aliyenyamaza." Akaandika jina la mzee kwa mkono, herufi kwa herufi, hadi programu ikalipokea, kwa msaada wa mtaalamu wa huko ofisi kuu ambaye naye alijibu kwa upole na tunamshukuru. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Venant hafungui malalamiko kwanza. Anapita majina yote, anatazama nani hajasema.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua hesabu inaonyesha tulilalamika sana. Tunaomba hesabu hiyo isomwe vingine. Mtu halalamiki mahali ambapo haamini kuna anayesikia. Kelele zile ndizo zilizomfikisha Venant kwenye ng'ombe wa Chenge, na ng'ombe wa Chenge ndio waliompeleka Busami. Tungenyamaza kwa adabu, hesabu yako ingependeza, na sisi tungekuwa tunazika.

Kwa hiyo tunaomba Barua ya Wote isifungwe, na Ndugu Venant aachwe katika kazi yake. Alikosea, ndiyo. Mtu aliyekosea namna ile akavuka ziwa namna ile, hawezi kukosea hivyo tena. Ukituletea mwingine itabidi naye ajifunze, na sisi tunaogopa atajifunzia kwa watoto wa nani.

Na ikiwa uamuzi umeshapita, hatutagombana nawe. Tunakuomba kitu kimoja tu. Chumba kisifungwe kwanza halafu tuje tugundue. Uketi wewe mwenyewe mbele ya kompyuta, uandike kwa mkono wako, ndiyo au hapana, na jina lako chini, iende kwa wote siku moja. Vituo vyote vimewashwa leo. Watu wamekaa wanangoja. Sisi ni mafundi, Mheshimiwa. Bomba likipasuka tunaliunga, fimbo ikipinda tunainyoosha. Kimya ndicho hatuna spana yake.

Mungu aliyemwaga ziwa hili akalipa mipaka, akujalie moyo mpana na safari njema, na nyumbani kwako maji yasikauke.

Ni sisi,
Umoja wa Watunza na Mafundi wa Pampu za Mkono, Mwanza na Visiwani.
Imesomwa kwa niaba yao na Mama Felicitas, Mtunza Pampu, Buhongwa.